Katibu wa Pakacha

Huku kusini kwetu, kuanzia Ukunda hadi barabara inapokaribia mpaka, ukitaja "Katibu" bila kuongeza neno, watu wa rika langu hawakuulizi katibu wa nini. Makatibu ni wengi: wa misikiti, wa wavuvi, wa vikundi vya akina mama. Lakini yeye alikuwa ndiye Katibu, na chama chake kilikuwa ndicho chama, hata katika miaka ambayo hakikuwa na kiti hata kimoja.

Jina rasmi la chama sitalitaja, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Watu walikiita Pakacha, kwa alama yake kwenye karatasi ya kura: pakacha la makuti, lile la kubebea madafu na mihogo. Alama hiyo iliwapa mahasimu wetu kazi rahisi. "Pakacha kuvuja, nafuu ya mchukuzi!" walitupigia kelele kila tulipopita na kipaza sauti chetu kimoja. Katibu aliwajibu vilevile miaka yote, bila kusimama: "Linavuja maji, mwanangu. Nani kakwambia tumebeba maji?"

Chama kilizaliwa vyama vingi viliporuhusiwa tena. Kilitaka mambo machache, na hakikuyabadilisha. Ardhi ipimwe na wanaoishi juu yake wapewe hati. Miwa ya Ramisi isimilikiwe na watu wasiojua hata njia ya kufika Ramisi. Vijana wa hapa wapate kazi za maana katika hoteli zilizojengwa walipolima babu zao, si kazi ya lango peke yake. Siku zetu njema tulikuwa na madiwani wa kujaza benchi moja. Serikali za kaunti zilipokuja tulipata mwakilishi wa wadi, baadaye tukampoteza. Vyama vikubwa vilikuja kila msimu na rangi mpya na wimbo mpya, vikatuchukulia watu, na uchaguzi ulipokwisha vikatuachia mabango juu ya minazi.

Nilijiunga nikiwa kijana, mtunza bohari msaidizi katika hoteli moja ya Diani. Katibu alikuwa tayari mtu mzima, mfupi, mkavu, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na koti la kijivu juu yake ambalo hakulivua hata Februari. Alikuwa amefanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha sukari mpaka kiwanda kilipofungwa. Alisema siasa alijifunzia pale. Mkata miwa, alisema, huiamini mizani mpaka siku anapoona kidole cha mtu juu yake. Baada ya hapo hataiamini tena, hata ukimkata kidole mwenye kidole.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma katika duka la fundi cherehani, Ukunda. Mikutano ilianza kwa sauti ya cherehani na kuisha kwa sauti ya cherehani. Katibu hakupandisha sauti yake kuishinda. Alingoja fundi afike mwisho wa pindo. Mtu asiyezoea alidhani mzee amesahau alichotaka kusema. Hotuba zake hata jukwaani zilikuwa fupi kuliko salamu zake. Watu walisema: hotuba ya Katibu, usipige chafya, itakupita. Lakini salamu hakuzipunguza. Aliwasalimu Waislamu, akawasalimu Wakristo, akauliza hali ya wagonjwa wa mtaa kwa majina, na wagonjwa hao walikuwa wagonjwa kweli.

Hakutoa chakula. Hilo liliwashangaza watu kuliko msimamo wowote wa chama. Wengine walipika pilau, wakagawa leso na fulana. Kwetu palikuwa na kahawa chungu na kashata moja moja. "Aliyekuja kwa pilau ataondoka na sufuria," alisema. Vijana wa kampeni walilalamika kwamba hata wake zao wanahudhuria mikutano ya upande wa pili. "Waacheni wale," alijibu. "Tumbo halina kadi ya chama. Mkono ndio unaopiga kura."

Baada ya kila uchaguzi alifanya jambo ambalo sijaliona kwa mwanasiasa mwingine. Wengine hupotea, walioshinda na walioshindwa. Yeye alianza kuzunguka. Alikwenda vijiji vyote tulivyopata kura, hata zile za kuhesabika kwa vidole, akapiga hodi, akakaa barazani, akashukuru. Hakujua nani alitupigia na hakuuliza. Aliwashukuru wote. Niliwahi kuandamana naye mpaka nyumba ya mtu niliyejua hakika ni wa upande wa pili. Mwenye nyumba alicheka sana.

"Katibu, mimi kura sikukupa, wallahi. Shukrani hii ya nini?"

"Ya kukaa kwenye foleni jua lote lile," alisema Katibu. "Ungebaki nyumbani, ningekasirika."

Watu humwita mpole wakimkumbuka. Hakuwa mpole. Alikuwa na ushindani mkali, wa kuficha. Siku ya matokeo hakula, na mtu akimsemesha hajibu. Ndiyo maana siku ya mazishi kule kijiji cha Bodo mpaka leo sijaielewa vizuri.

Palikuwa na uchaguzi mdogo wa wadi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kila dalili ilituonyesha tunashinda. Asubuhi ya siku ya kura mzee mmoja wa Bodo akafariki. Alikuwa mtu wa chama kikubwa, bingwa wa kutupigia ile methali ya pakacha. Familia ilipanga kumzika baada ya adhuhuri, kama desturi. Katibu akawaambia watu wetu, waliopiga kura na wasiopiga, mawakala na wote: twendeni tukazike. Upande wa pili walituma wazee wachache na blanketi. Sisi tulikwenda kama kijiji kizima. Tulichimba, tukazika, tukasoma dua. Wakati wa kurudi, gari tulilopanda likanasa kwenye matope ya njia ya mikokoni, na tulipofika vituoni milango ilikuwa imefungwa na viti vyetu vya mawakala havikuwa na mtu. Tulishindwa kwa kura ambazo zingetosha ndani ya gari lile moja.

"Ungewaacha kwanza wapige kura," nilimwambia siku ya pili. Sikumsalimu hata vizuri.

"Ningewaambia nini? Maiti ashike foleni?"

"Basi ungewaacha mawakala."

Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Wala usidhani Bodo walitulipa fadhila. Uchaguzi uliofuata tulipata kule kura zilezile za kawaida.

Alikuwa na migongano mingine. Chama kilikuwa cha watu wa pwani, na adui zetu walisema ni cha kufukuza wabara. Miaka ile mibaya, vitisho vilipozunguka Ukunda na majirani wakaanza kutazamana kando, Katibu alisimama mlangoni kwa fundi akasema atakayemgusa jirani yake kwa jina la Pakacha atangaze pia amemgusa Katibu. Ilipopoa, akaja ofisini mwanamke wa kutoka bara aliyekaanga viazi karibu na steji ya tuktuk. Tulimwita Mama Chipsi.

"Mzee, hii chama yenu inachukua mtu wa bara, ama mimi ni wa kupika tu?"

"Hatuna wa kupika, mama. Chakula hatutoi. Walala wapi?"

"Hapa tu, ploti ya nyuma ya soko."

"Maji wachota wapi?"

"Maji gani, mzee? Si unajua mifereji ni ya urembo."

"Basi shida yako ni ya hapa. Ingia."

Mjumbe mmoja akanung'unika kwamba kesho mama huyu atataka kuwa mwenyekiti. "Inshallah," alisema Katibu. "Huenda na wewe ukaanza kuja mkutanoni kwa wakati."

Lakini Katibu huyohuyo, mpwa wake alipoposwa na kijana wa bara, mhudumu wa hoteli, kijana mzuri aliyekwisha kusilimu, alikalia majibu karibu mwaka mzima. Nilimwuliza inakuwaje. "Kura ni ya miaka mitano," alisema. "Ndoa ni mpaka kaburini." Mwishowe alikubali, na harusini alikaa meza moja na wazee wa bara akawafundisha kula wali kwa mkono, nao wakamcheka alivyoshika chupa ya soda kana kwamba itamlipukia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo chama chenyewe. Katika vyama vingine, anayetaka tiketi huja na kundi la kumsifu, ngoma, na vijana wa fulana. Kwetu, kwa utaratibu aliouweka Katibu, mtu aliyetaka kugombea alikuja na mtu wa kumkanya. Alipaswa kumleta mbele ya kamati mtu mmoja anayemjua kwa muda mrefu, asiyemwogopa, aeleze aibu zake wazi huku mwenyewe amekaa anasikiliza. Asiyempata hakupewa tiketi. Aliyepandwa na hasira katikati ya maelezo hakupewa pia. Katibu hakuona ajabu yoyote ndani yake. "Mtu akija kuposa," alisema, "si mwauliza majirani zake? Huyu aja kuposa wadi."

Mlinzi mmoja wa hoteli alimleta mama mkwe wake. Yule mama alijifunga leso vizuri, akaamkiwa, akaitikia, kisha akaanza.

"Mkwe wangu ni mtu mwema. Havuti, halewi, watoto wanakula. Lakini mwoga! Akigombana na jirani, aja kwangu nikamsemee. Juzi kuku wa watu walimlia mahindi, nani kaenda kusema? Mimi. Sasa mkimpeleka hiyo kaunti yenu, mwanipeleka na mimi?"

Tulicheka mpaka fundi akasimamisha cherehani. Mlinzi naye alicheka, jasho likimtoka. Tulimpa tiketi na alishinda. Ndiye mwakilishi niliyemtaja. Na kila alipotishwa kule, tulijua pa kumshika. Katibu alikuwa akimwambia tu, "Tumwite mama?" naye akarudi kupiga kura ya haki.

Wakati wa uchaguzi wa mwisho alioushuhudia, chama kilikuwa kimekonda. Ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa, vijana wamehamia kwenye rangi mpya, na macho ya Katibu yalikuwa yamezimika kiasi kwamba alitambua watu kwa hatua zao. Hakuficha alichokitaka. Alitaka chama kiishi zaidi yake. Sote tulijua kwamba tukikosa kiti safari hiyo, huenda Pakacha lisionekane tena kwenye karatasi yoyote.

Hapo ndipo alipotujia mtu tuliyemwita Mwenye Malori. Alikuwa tajiri wa kokoto na mchanga, anayejulikana Msambweni yote, ambaye chama chake kikubwa kilikuwa kimempiga chini kwenye mchujo. Alihitaji tiketi, tiketi yoyote. Kwa tiketi yetu angeshinda. Hilo hata wabaya wake walikiri. Mwombaji mwingine alikuwa mwalimu wa chekechea wa Bodo, mwanamke makini, asiyejulikana hata Ukunda.

Kamati ilikutana katika darasa la shule, Msambweni, madawati ya watoto yakitubana magoti. Katibu alikaa mbele, uso ameuelekeza dirishani kwenye mwanga.

Mwalimu alikuja na Mama Chipsi. Walikuwa wamejuana miaka, tangu Mama Chipsi alipompelekea wajukuu wake waliokuwa wakiishi Bodo.

"Mimi nitasema ukweli, mzee," alianza Mama Chipsi. "Huyu mwalimu ana kiburi. Ukimkosea anakunyamazia hadi uchoke. Mimi alininyamazia term nzima juu ya uniform. Na hajui kuomba msaada. Choo ya shule ilianguka, akaanza kuchimba mwenyewe na jembe, kama sisi hatuko! Nilimwambia, wewe madam, utakufa na hiyo tabia."

Mwalimu alitazama dawati. Kisha akasema polepole, "Ni kweli. Ile ya jembe ni kweli." Mtu mmoja akacheka, na yeye pia.

Mwenye Malori alikuja na dereva wake.

Dereva alisimama, akakohoa, akamtazama bosi wake. "Bosi ana kosa moja," alisema. "Anafanya kazi sana. Hapumziki. Anajali watu kupita kiasi, mpaka tunamwambia, bosi, jionee huruma."

Katibu aligeuza uso kutoka dirishani.

"Wewe mwanangu, mshahara wako nani anakulipa?"

"Yeye, mzee."

"Basi kaa, Mungu akuzidishie. Wewe si wa kumkanya. Wewe ni wa kumpepea." Akamgeukia Mwenye Malori. "Huna mwingine? Ndugu? Mke? Rafiki wa utotoni?"

"Katibu, haya ni mambo ya zamani," alisema Mwenye Malori, bado anatabasamu. "Mimi nawaletea kiti. Mwataka kiti ama mwataka kunisuta?"

"Twataka mtu ambaye yupo mwingine anayeweza kumwambia hapana. Tukishakupa wadi, nani atakwambia?"

"Mtakufa hivi hivi na pakacha lenu."

"Huenda," alisema Katibu.

Tulipoachwa peke yetu, kelele zilikuwa kubwa. Vijana wa kamati walisema tunatupa kiti mtaroni kwa ajili ya desturi. Mmoja alilia kwa hasira. Mimi mwenyewe, naliandika hili kwa utulivu kwa kuwa nimelifikiria kwa muda mrefu, nilitaka kumpa Mwenye Malori. Niliona hesabu yake ni sahihi. Katibu hakutulazimisha. Alisema maneno machache tu: kwamba anajua tunachoweza kupoteza, kwamba hakuna anayekiogopa kifo cha chama kuliko yeye, na kwamba chama kikimchukua mtu asiyekanyika kitabaki na jina na alama, na ndani yake hakutakuwa na sisi. Kisha akaomba tupige kura kwa mikono, na mtu amwambie matokeo, kwa kuwa haoni mikono. Mwalimu alipita kwa mkono mmoja zaidi. Ule mkono ulikuwa wangu. Ulipanda kabla sijamaliza hesabu.

Matokeo ya uchaguzi nayasema sasa ili msomaji asiyangoje. Mwenye Malori alipata tiketi kwingine, akashinda. Mwalimu wetu alikuwa wa tatu. Vijana wawili wa kamati walihama. Chama bado kipo, kidogo, na mwalimu sasa ndiye katibu wake, ingawa watu wanamwita Mwalimu. Lile jina jingine bado lina mwenyewe. Waombaji wa tiketi bado wanakuja na watu wa kuwakanya. Nikiulizwa na wenzangu kazini kwa nini nakaa katika chama kisichoshinda, nawaeleza hilo, na naona kwamba hawacheki papo hapo.

Mara ya mwisho nilipomwona Katibu ilikuwa ndani ya kituo cha kupigia kura, siku hiyohiyo ya uchaguzi. Nilikuwa wakala wetu, nimekaa kwenye benchi la mawakala pamoja na wa vyama vingine. Aliletwa mpaka mlangoni na mjukuu, lakini alikataa mjukuu aingie naye. Kwa mtu asiyeona ambaye hana msaidizi, sheria inasema msimamizi wa kituo amwekee alama, mawakala wote wakishuhudia. Alilijua hilo vizuri. Nilidhani alilitaka.

Msimamizi alikuwa msichana wa bara, mwenye adabu. Alimkalisha, akafungua karatasi ya wadi.

"Mzee, nitakusomea majina, halafu uniambie. Sawa? Usiseme kwa nguvu, kura ni siri."

"Soma, mwanangu."

Akaanza kusoma. Alipofika kwa mwalimu wetu, Katibu aliinua kidole.

"Hapo."

"Nimeelewa, mzee. Lakini lazima nimalize, ndiyo sheria."

"Maliza. Na wao wamehangaika."

Alisoma mpaka mwisho, na Katibu aliyasikiliza yote, kichwa kimeinama kama mtu anayesomewa hitima. Msimamizi akaweka alama mbele yetu, akakunja karatasi, akamwongoza mkono mpaka kwenye sanduku.

"Imeingia?"

"Imeingia, baba."

Akageuka kutafuta mlango, akagonga meza. Kabla sijajikusanya, wakala wa Mwenye Malori, kijana mnene aliyekuwa karibu yangu, aliinuka akamshika mkono.

"Nani huyu?"

"Mimi ni wa upande mwingine, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Asante. Nifikishe hapo mlangoni, kisha urudi mbio. Usiache kiti chako kitupu, kura zenu zitachezewa." Alikwenda hatua chache, akasimama. "Na wakala wetu sisi, yumo?"

"Yumo, mzee. Yuko hapo nyuma yako. Anataka kuja kukuamkia."

Katibu hakugeuka. "Mwambie asiinuke," alisema.

Sikuinuka.